Jua la dirishani: somo la mtoto wetu kwenye msitu wa mialoni

Basi kutoka Nottingham lilituteremsha katika kijiji cha Edwinstowe saa nne na nusu asubuhi, Jumapili ya mwisho ya mwezi Septemba. Tulikuwa watatu: mimi, dada yangu, na mwanawe wa kiume ambaye ilikuwa bado miezi miwili atimize miaka miwili. Mvua ilinyesha usiku kucha, lakini asubuhi ile mawingu yalikuwa yamekatika na jua limetoka.

“Leo hapana kigari,” dada alisema huku akimshusha mtoto chini. “Daktari kasema atembee, na apate jua kabla halijaondoka.”

Kwa sisi tuliozaliwa Muheza, mkoani Tanga, jua si kitu cha kuondoka. Jua ni kitu cha kukimbia. Mtu anavuka barabara kufuata kivuli, anafunga safari alfajiri ili jua lisimkute njiani. Lakini kule Uingereza nilimkuta dada yangu anahesabu wiki za jua zilizobaki kama mtu anavyohesabu mahindi ya mwisho ghalani.

Mtoto alishika kidole changu, akaanza kutembea kuelekea msituni. Alikuwa akiyumba kulia na kushoto kama bata. Miguu yake ilikuwa imepinda kwa nje kuanzia magotini. Matege.

Nilikuwa nimeyaona kwenye picha alizonitumia dada kwa simu. Kuyaona kwa macho, tena kwa mtoto wa ndugu yako, ni jambo jingine. Na nilikuwa na sababu yangu ya kushindwa kuyatazama kwa muda mrefu. Nitaieleza.

Mwaloni wenye mikongojo

Nikisema mwaloni, msomaji wa Mwanza atafikiria soko la dagaa la Kirumba. Mwaloni ninaouzungumzia hapa ni mti, wa ukoo ule ule wa mialoni ya Mamre ambayo wasomaji wa Biblia wanaikumbuka kwenye habari za Ibrahimu. Mialoni ya Uingereza hupukutisha majani yote wakati wa baridi na kubaki mitupu miezi kadhaa. Kokwa yake ni ndogo, imekaa ndani ya kikombe kidogo cha gamba, kama yai kwenye kishikio chake.

Msitu tuliokwenda unaitwa Sherwood. Ndio ule ambao hadithi zinasema Robin Hood alijificha akiwaibia matajiri na kuwagawia maskini. Siku hizi ni hifadhi ya taifa, na tangu mwaka 2018 huduma za wageni na utunzaji wake vinaendeshwa na RSPB, shirika la Uingereza la kulinda ndege. Njia ni pana na tambarare. Watoto wanakimbia, wazee wanatembea na mbwa wao, na pembeni kangaga zilizoanza kugeuka rangi ya kahawia zinafika kiunoni.

Mti ambao kila mtu anakwenda kuuona unaitwa Major Oak. Jina hilo linamkumbuka Meja Hayman Rooke, aliyechapisha kitabu kuhusu mialoni ya eneo hili mwaka 1790. Umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka 800 na 1,100. Shina lake lina mzingo wa zaidi ya mita 10. Watu sita wakishikana mikono huenda wasiumalize. Matawi yake mazito yameegemezwa kwenye nguzo za chuma, kama mzee mwenye mikongojo.

Huruhusiwi kuusogelea. Tangu miaka ya 1970 umezungushiwa uzio, kwa sababu miguu ya wageni waliokuja kuushangaa kwa miaka mingi ilishindilia udongo mpaka maji na hewa vikawa havifiki vizuri kwenye mizizi. Nilisimama kwenye uzio nikalifikiria hilo. Watu walioupenda mti ndio walioanza kuuumiza, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na nia mbaya.

Kokwa haikui chini ya mama yake

Karibu na uzio alikuwepo mzee mmoja mwenye fulana ya kujitolea, akiwaelekeza wageni. Mtoto wetu alikuwa ameokota kokwa tatu na kuzikumbatia kifuani. Mzee akachuchumaa, akamwonyesha jinsi ya kuitoa kokwa kwenye kikombe chake na kuirudisha. Kisha akatuuliza kama tumeona mwaloni wowote mdogo chini ya ule mkubwa.

Tulitazama. Hakukuwa na hata mmoja.

Alitueleza, na kwa faida ya mtoto nikawa natafsiri. Kokwa ya mwaloni ina akiba ya chakula ndani yake. Ikianguka na kuota, kwanza inashusha mzizi mrefu, halafu ndiyo inatoa kijiti na majani machache. Katika msimu wa kwanza mche unaweza kuishi hata kivulini kwa sababu bado unakula akiba ya kokwa, kama mtoto mchanga anavyokula alichoachiwa na mama yake tumboni. Akiba ikiisha, mche unahitaji mwanga wake wenyewe. Ukiwa bado umefunikwa na kivuli cha mti mkubwa, unadhoofu na kufa.

Ndiyo maana mialoni mingi inahitaji msaada wa kuondoka nyumbani. Kuna ndege wa jamii ya kunguru, mwenye manyoya ya waridi na bawa lenye bluu, anayebeba kokwa na kuzifukia ardhini kama akiba ya majira ya baridi. Ndege mmoja hufukia maelfu kwa msimu. Nyingine huzisahau au hazihitaji. Hizo ndizo zinazoota mahali palipo wazi, mbali na kivuli cha mama.

Lakini huko kwenye mwanga kuna hatari zake. Paa wanakula majani, sungura wanaguguna gome. Upande wa pili wa njia tuliona miche iliyovikwa mabomba ya plastiki, mengine yakinifika kifuani. Mbinu hiyo ilianza Uingereza mwaka 1979, na aliyeibuni ni mtaalamu wa misitu aliyeitwa Graham Tuley. Bomba linapitisha mwanga, linazuia meno ya wanyama, na ndani yake kuna joto na unyevu unaousaidia mche kurefuka haraka.

“Tatizo ni kuwahi kulitoa,” mzee alisema. Mche uliokulia ndani ya bomba ni mrefu lakini mwembamba, haujawahi kutikiswa na upepo. Ukilitoa bomba mapema, unalala chini. Inabidi usubiri mpaka kichwa cha mche kitokeze juu, kipigwe na jua na upepo kwa miaka kadhaa, shina linenepe, ndipo uuache usimame wenyewe.

Mwanga hutolewa kwa kiasi

Tuliendelea na njia. Mtoto alitembea hatua kama hamsini, akakaa chini, akanyanyuliwa, akatembea tena. Dada hakumbeba hata alipolia kidogo. Niliona inamuuma.

Ndani zaidi msitu unabadilika. Kuna mialoni mizee iliyonenepa na kuwa wazi katikati, imezungukwa na miti myembamba yenye magome meupe inayokua haraka. Mwaloni unapozeeka haurefuki tena. Unaanza kupungua kimo. Miti michanga iliyoota pembeni yake inaupita na kuuzibia jua. Mti uliomaliza miaka 500 unaweza kuuawa na kivuli cha miti ya miaka 50.

Dawa yake ni kukata miti inayouzunguka ili mwanga uufikie. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulitarajia. Haikatwi yote siku moja. Wanakata michache mwaka huu, wanasubiri miaka kadhaa, wanakata mingine. Mti uliozoea kivuli ukifunguliwa ghafla, jua na upepo vinaukausha, ardhi iliyo juu ya mizizi yake inapoteza unyevu, na mti unaweza kufa kwa kile kile ulichokuwa unakihitaji.

Hata jani lenyewe lina hesabu hiyo. Majani ya mwaloni yanayokulia juani huwa madogo na manene. Yanayokulia kivulini huwa mapana na membamba ili yakusanye mwanga mdogo uliopo. Jani la kivulini ukiliweka ghafla kwenye jua kali linaungua. Na majani machanga yanayochipua katikati ya kiangazi mara nyingi hutoka na wekundu. Wataalamu wa mimea wanaeleza kuwa rangi hiyo husaidia kulikinga jani changa na mwanga mkali mpaka likomae.

Mama yetu kule Muheza anaotesha na kuuza miche ya michungwa. Nilimkumbuka hapo. Yeye hakusoma mambo ya msitu, lakini kitalu chake kina paa la makuti, na miche ikikaribia kuuzwa anaondoa makuti kidogo kidogo, wiki hadi wiki. Mteja mwenye haraka akitaka mche uliotoka kivulini moja kwa moja, mama humwambia, “Nitakuuzia, lakini usirudi kunililia.”

Ushauri wangu wa simu

Sasa nieleze sababu yangu.

Mtoto huyu alizaliwa Novemba, mwanzo wa baridi. Dada yangu anafanya kazi ya zamu za usiku katika nyumba ya kutunza wazee. Mchana analala. Anaishi ghorofa ya tano, nyumba haina baraza wala uwanja. Alimnyonyesha mtoto maziwa yake tu kwa miezi sita, kama tunavyoshauriwa, na aliendelea kumnyonyesha baada ya hapo.

Mtoto akiwa na miezi mitatu, dada alinipigia simu. Alitaka kujua afanyeje na jua, kwa kuwa nje ni baridi kali na kwetu mtoto huwekwa juani kila asubuhi. Mimi ndiye mwandishi wa habari za afya katika familia. Nikamjibu bila kufikiri mara mbili: “Msogeze dirishani, jua likiingia mvue nguo, apigwe nalo robo saa.”

Akafanya hivyo. Kila asubuhi aliporudi kutoka kazini, kabla hajalala, alimkalisha mtoto kwenye zulia mbele ya dirisha kubwa la sebuleni. Alinitumia picha. Mtoto anang’aa, mwanga umemjaa mwili mzima. Nilizipenda zile picha, moja niliiweka kwenye hali ya WhatsApp.

Kioo cha kawaida cha dirisha huzuia karibu miale yote ya jua inayohitajika kutengeneza vitamini D. Kinachopita ni mwanga wa kuonea, joto, na aina nyingine ya miale isiyofanya kazi hiyo. Mtoto alikuwa anaoga mwanga, lakini alichokuwa akikihitaji kilibaki nje.

Na hata angekuwa nje, miezi ile isingemsaidia. Nottingham iko mbali sana kaskazini mwa ikweta. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la Uingereza huwa limeinama mno, na miale hiyo haitoshi kuifanyia ngozi kazi. Ngozi nyeusi, ambayo kwetu ni kinga nzuri kwa kuwa weusi wake hufanya kazi kama kivuli, kule inahitaji muda mrefu zaidi juani kuliko ngozi nyeupe ili kutengeneza kiasi kile kile cha vitamini D. Maziwa ya mama yana faida nyingi, lakini vitamini D iliyomo ni kidogo. Na mama mwenyewe, anayelala mchana na kufanya kazi usiku, hana akiba ya kumgawia.

NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, inashauri mtoto anayenyonya apewe matone ya vitamini D, mikrogramu 8.5 hadi 10 kwa siku, tangu azaliwe mpaka atimize mwaka mmoja. Kuanzia mwaka mmoja hadi minne, mikrogramu 10 kila siku. Dada alipewa karatasi nyingi alipojifungua, na habari hiyo ilikuwa mojawapo. Lakini alikuwa na mdogo wake wa kumuuliza kwa Kiswahili, na mdogo wake alijibu kwa uhakika.

Mtoto alichelewa kutembea mpaka miezi 19. Vifundo vya mikono yake vilikuwa vinene. Alikuwa mwepesi wa kulia akinyanyuliwa. Ndugu walisema amesimamishwa mapema. Mwingine akasema amebebwa mgongoni vibaya. Dada alikwenda kliniki, mtoto akapimwa damu na kupigwa picha ya eksirei. Jibu likawa upungufu mkubwa wa vitamini D, na mifupa iliyolainika.

Ugonjwa wa Kiingereza

Tulikaa kula kwenye benchi lililopigwa na jua. Ilikuwa saa saba mchana, jua liko juu kadiri linavyoweza siku ile, lakini vivuli vyetu vilikuwa virefu kuliko sisi wenyewe. Dar es Salaam saa kama hizo unakanyaga kivuli chako.

Zamani madaktari wa Ulaya waliyaita matege “ugonjwa wa Kiingereza”. Katika karne ya 19 miji ya viwanda ya Uingereza ilijaa moshi wa makaa ya mawe, watoto waliishi kwenye vichochoro visivyofikiwa na jua, na miguu iliyopinda ilikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1890 daktari Mwingereza, Theobald Palm, aliyewahi kufanya kazi Japani, aliandika kuwa ugonjwa huo huonekana kwa nadra kwenye nchi zenye jua jingi, akashauri watoto wapelekwe juani. Mwaka 1919 Kurt Huldschinsky wa Berlin aliwatibu watoto wenye matege kwa taa ya miale ya urujuanimno, na picha za mifupa yao zikaonyesha wanapona.

Edwinstowe penyewe palikuwa na mgodi wa makaa ya mawe, wa Thoresby, uliofungwa mwaka 2015. Moshi umepungua, lakini ugonjwa haujaisha. Miongoni mwa wanaoupata zaidi ni watoto wa watu kama sisi, wenye ngozi nyeusi au ya maji ya kunde, waliohamia kaskazini wakiwa na desturi nzuri za nyumbani ambazo huko hazifanyi kazi.

Kwa wasomaji wetu walioko Uingereza, Ujerumani, Kanada na kwingineko kaskazini, nawaomba msisubiri miguu ipinde. Muulize mhudumu wa afya kuhusu matone ya vitamini D tangu mimba. Lakini usiongeze dozi kwa kudhani nyingi ndiyo nzuri. Vitamini D ikizidi huongeza kalsiamu kwenye damu na inaweza kudhuru figo. Dozi kubwa aliyopewa mtoto wetu ilikuwa ya matibabu, ya wiki kadhaa, chini ya daktari, kisha akahamishiwa ile ndogo ya kila siku.

Nasi tulio nyumbani?

Huku kwetu jua lipo mwaka mzima, kwa hiyo ni rahisi kudhani habari hii haituhusu. Inatuhusu kwa namna tatu.

Kwanza, jua kuwepo mjini si sawa na jua kumfikia mtoto. Wapo watoto wanaokaa ghorofani na dada wa kazi kuanzia asubuhi hadi jioni, wapo wanaoshinda kwenye vituo vya kulelea watoto visivyo na uwanja, wapo wanaofunikwa gubigubi kila wanapotolewa nje. Kama mtoto anaota jua kupitia kioo cha dirisha au cha gari, haoti jua. Mtoe nje. Asubuhi, jua likiwa limepanda lakini halijaanza kuchoma, dakika chache mikono na miguu ikiwa wazi zinatosha kwa kuanzia.

Pili, mche haupelekwi kwenye jua la saa sita. Mtoto wa chini ya miezi sita asiwekwe kwenye jua kali moja kwa moja, wala asipakwe mafuta na kulazwa juani mchana eti mifupa ikaze. Ngozi yake bado ni jani la kivulini. Mtoto mkubwa anayecheza nje mchana apewe kofia, maji na mahali penye kivuli. Mtoto mwenye ualbino ni habari tofauti kabisa: ngozi yake haina ule weusi unaotukinga, na jua la miaka ya utotoni ndilo linaloleta saratani ya ngozi baadaye. Huyo anahitaji kofia pana, mikono mirefu, na krimu ya kukinga jua kila siku. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa krimu maalumu kwa ajili ya watu wenye ualbino. Ulizia kwenye kliniki za ngozi. Vitamini D yake iongelewe na daktari, isitafutwe juani.

Tatu, si kila matege yanatokana na jua. Watoto wengi huwa na miguu iliyopinda kidogo mpaka karibu miaka miwili, kisha hunyooka yenyewe. Nigeria, nchi yenye jua jingi, ina watoto wenye matege kwa sababu chakula chao kina kalsiamu kidogo; maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao husaidia hapo. Na kwenye maeneo yenye floraidi nyingi kwenye maji, kama sehemu za Arusha na Manyara, mifupa huweza kupinda kwa sababu hiyo, na meno hugeuka rangi ya kahawia. Mpeleke mtoto hospitali kama amepita miezi 18 hajatembea, kama miguu inazidi kupinda baada ya miaka miwili, kama mguu mmoja umepinda kuliko mwingine, au kama analalamika maumivu. Usimalizie kwa kumlaumu aliyembeba mgongoni.

Njia ya kurudi

Nilimwomba dada msamaha kwenye lile benchi. Nilikuwa nimeshamwomba kwa simu, lakini kwa simu mtu anaweza kujificha. Alikuwa anamenya yai la mtoto. Akasema, “Wewe ulinijibu unachokijua. Mimi nilikuuliza kwa kuwa sikutaka kuonekana mjinga mbele ya manesi.” Akanyamaza kidogo. “Wote wawili tulitakiwa kuuliza.”

Tangu siku hiyo, mtu akinipigia kuniuliza habari za mtoto wake, swali langu la kwanza ni yuko wapi. Nchi gani, nyumba ya aina gani, mwezi gani. Ushauri wa afya unaotoka Muheza ukafika Nottingham bila kuulizwa maswali hayo unaweza kumuumiza mtoto, hata ukitoka kwa mtu anayempenda.

Daktari ana matumaini. Mifupa ya mtoto mdogo ikipata inachohitaji huendelea kujinyoosha anavyokua, na mtoto wetu ameanza kupanda sofa peke yake, jambo ambalo miezi mitatu nyuma lilikuwa linamliza. Siku ile msituni alitembea karibu njia yote ya kurudi. Mzee wa kujitolea alikuwa bado yupo kwenye uzio. Alimwambia aache kokwa hapo hapo msituni, achague mahali penye jua. Mtoto alizungukazunguka, akaiweka moja penye upenyo kati ya miti, akaikanyaga mara mbili kwa kiatu chake. Nyingine mbili alizificha mfukoni, mama yake akazitoa.

Jioni dada alipomaliza kumpa matone yake, tulimpigia mama simu ya video. Nikamweleza yote: mialoni, mabomba, miti inayokatwa kidogo kidogo. Alisikiliza kimya, nyuma yake naona makuti ya kitalu. Nilipofika kwenye habari ya kioo, akanikatisha.

“Kwa hiyo mjukuu wangu mlimweka nyuma ya kioo?”

“Ndiyo, mama.”

“Mimi hata mche wa mchungwa siuweki nyuma ya kioo,” alisema. Kisha akamwambia dada amsimamishe mtoto mbele ya simu, aione ile miguu vizuri.